Majina Ishirini na Sita

Skarvika
Alhamisi, 19 Juni

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini hewa kavu ya Hispania bado inakifaa kifua chako, na kwamba sasa unapanda ngazi za nyumba bila kusimama katikati ukijifanya unatazama picha ukutani, kama ulivyofanya hapa majira yote ya baridi. Mama ameniarifu kuwa unakwenda kwa miguu hadi kwa mwuza samaki na kurudi ukilalamika kwamba wanachokiita samaki huko, huku ni chambo. Nilipolisikia hilo nilijua umepona. Mimi sina ugonjwa. Nakula, naamka, nakwenda kazini. Ila usingizi umenihama tangu Jumanne.

Ujumbe wa sauti ulioniachia jana nimeusikiliza mara tatu. Umesema umesoma gazeti la nyumbani, umemsomea Mama na jirani Mswidi, na kwamba nimefanya kazi ya mtu wa Hjellen. Maneno hayo sikuwahi kuyasikia kinywani mwako, hata siku ile nilipokuletea shahada yangu ya uzamili ndani ya fremu ukauliza kama fremu imetengenezwa hapa. Niwie radhi kwa kutokujibu. Ningekupigia simu, ungenikatiza kwa pongezi, nami ningezipokea. Kwa hiyo nimeona ni heri niandike, nawe nakuomba usome hadi mwisho kabla hujamwita Mama.

Kesho saa nne asubuhi mjane wa marehemu atapanda feri kwenda mjini ulikopelekwa mwili wa mumewe, na kutoka huko atarudi kwao Uholanzi. Kabla hajapanda lipo jambo ambalo ni mimi peke yangu ninayeweza kumwambia. Nimepata nafasi ya kulisema zaidi ya mara moja, na sikulisema. Ruhusa yako naiomba nilieleze kwa mpangilio, kwa sababu nikianza na mwisho sitafika mwanzo.

Jumanne ilipambazuka vizuri kupita kiasi. Meli ilitia nanga saa mbili, meli nyeupe ya ghorofa kumi na moja, ndefu kuliko kijiji chetu kutoka kanisani hadi kwenye kiwanda cha samaki, na ilipozima injini ghuba yote ilitulia kana kwamba imeambiwa inyamaze. Hata shakwe hawakulia. Bi Gunnvor, mkurugenzi wangu, alisimama gatini akitazama boti ndogo zikishusha wageni, akaniambia kwamba Mungu hutoa hali ya hewa kama ile mara mbili tu kwa mwaka, nami nisimharibie kwa hotuba ndefu. Rafiki yako Oddvar, aliyekuwa akifunga kamba za boti, alidakia kwamba bwana shahada hotuba fupi hana, huko chuoni wanatozwa faini wakimaliza mapema. Watu walicheka. Nilicheka nao, ingawa unajua jinsi mizaha ya Oddvar inavyonichoma.

Nilikabidhiwa wageni ishirini na sita wa kupanda mlima. Mmoja wao alikuwa Bwana Wiebe Hoekstra, mwenye umri wa miaka sabini na mbili, aliyeendesha tramu miaka thelathini na minne katika mji usio na kilima hata kimoja. Mkewe, Bi Tjitske, alibaki kijijini kwa sababu ya magoti. Pale gatini, mbele ya watu wote, alimfunga mumewe vifungo vya koti hadi kidevuni na kumwonya asijifanye kijana wa miaka ishirini. Bwana Wiebe alimjibu kwamba asiwe na wasiwasi, wakati ule alikuwa mjinga zaidi. Kisha akamtajia mkewe kila kitu mfululizo kama mtu anayesoma ratiba: anapanda basi lile la kijani, atakaa upande wa kushoto, atakula chungwa juu, atarudi kabla ya saa kumi. Niliona ni tabia ya kuchekesha. Sikujua bado kwamba ndivyo alivyokuwa akiondoka nyumbani kila siku ya ndoa yao.

Ndani ya basi alikaa nyuma ya kiti changu na kuniita profesa. Aliniambia kwamba kwao mtoto akitoroka nyumbani asubuhi, mama yake bado anamwona kwa macho saa ya chakula cha mchana, na wala haondoki jikoni. Akauliza kama huku tunazaliwa tukiwa na mguu mmoja mfupi, tuweze kusimama mteremkoni. Nilimjibu kwamba kwetu mtu wa tambarare akifika juu tunampa cheti. Alifurahi mno, akasema basi akipate chake mapema, kabla pumzi haijamwisha.

Tulipofika kona ya tatu, ambapo Hjellen huonekana ng'ambo ya korongo, nilisimama na kipaza sauti. Baba, mimi hulipenda lile neno la kwanza ninalolisema pale: babu zangu. Niliwaonyesha nyumba mbili za mbao juu ya ukingo wa jabali, na mita mia tatu za hewa chini yake. Nikawaeleza kwamba bibi yako alizaliwa katika ile ya kulia, na kwamba watoto walifungwa kamba viunoni walipokuwa wakicheza uani, ili asipotee hata mmoja, na kwamba pete ya chuma ya kufungia kamba ingali ukutani. Nilitua kidogo, kama nilivyofundishwa kutua. Wageni walipiga picha. Bwana Wiebe ndiye pekee aliyeshusha simu yake, akatazama kwa macho tu, na hakutania tena mpaka Høgstøl, basi linapoishia.

Kutoka Høgstøl tulipanda kwa saa moja na zaidi hadi kwenye mnara wa mawe. Sanduku la chuma lipo palepale ulipoliweka mwaka niliozaliwa, baada ya kulipandisha mgongoni peke yako, na kitabu kimo ndani yake na penseli iliyofungwa uzi. Sina haja ya kukueleza wewe habari za kitabu kile. Ulinifundisha kabla sijajua kusoma vizuri kwamba kila anayefika huandika kwa mkono wake jina lake, saa, na njia atakayoshukia. Na kwamba katika miaka yako yote ya uokoaji hakuna mtu wa Skarvika aliyewahi kuandika uongo mle, hata walevi, hata wenye kesi.

Tulikaa kwenye majani tukala machungwa na chokoleti. Ndipo ukungu ulipoanza. Haukushuka kutoka juu. Ulipanda kutoka ghubani, polepole, kama maji yanavyojaa ndooni. Kwanza uliimeza meli, ghorofa kwa ghorofa, hadi likabaki bomba lake tu. Baadaye bomba nalo likazama. Mama mmoja wa Kijerumani aliniuliza kama ule ulikuwa wa kawaida, nikamjibu kwamba ni wa kawaida kabisa, na nikasimama haraka kuliko nilivyokusudia. Tulianza kushuka saa saba kasoro dakika ishirini, kwa njia ya msituni, njia ya Lia, ambayo hata mtoto wa chekechea anaiweza. Ukungu ulitukuta kwenye miti ya kwanza. Kutoka hapo nilisikia watu wangu kuliko nilivyowaona: kikohozi, fimbo juu ya mawe, mtu anacheka, mtu anauliza mwenzake kama yuko nyuma. Kila sauti ilionekana kutoka upande usio wake.

Saa nane tuliwasili ukumbini kijijini, mahali pa uji wa krimu na nyama iliyokaushwa. Hapo ndipo kundi huvunjika. Wengine hula, wengine huenda dukani kununua soksi, wengine hupanda boti mapema kurudi melini kulala. Bi Gunnvor alinipitia na kuninong'oneza kwamba tumeokoa dakika ishirini tena na kwamba nahodha mwenyewe amelitaja jina langu. Nilikula bakuli mbili.

Saa kumi na dakika ishirini nililiona koti la njano la Bi Tjitske pale gatini. Alikuwa amesimama mahali boti zinapofungwa, anatazama kila boti inayoondoka, na hapandi. Nilimwendea kwa adabu zote. Aliniuliza Wiebe yuko wapi. Nikamjibu kwamba bila shaka amekwisha kurudi melini. Akasema hapana, haiwezekani, angepita kumwambia. Msimamizi wa boti aliangalia kwenye mashine yake ya kadi: watu wote wamepanda isipokuwa wawili, yaani huyu mama na mumewe.

Oddvar, kama mkuu wa kikosi cha uokoaji, alipigiwa simu saa kumi na nusu na dakika tano. Unamjua alivyo, aliacha mzaha palepale gatini kama mtu anayevua glovu. Bintiye Ingunn alikuwa Høgstøl na mbuzi wao, naye Oddvar akamwamuru kwa simu ya upepo apande mbio mpaka kwenye mnara akasome kitabu. Wakati tukisubiri, watu wa kikosi walikusanyika na mbwa wao, wengine wangali na magwanda ya kiwandani. Saa kumi na moja na dakika tano sauti ya Ingunn ilikuja, anahema, inakatika katika ukungu. Akasema majina ishirini na sita yamo, Hoekstra ni wa mwisho, wote njia ya Lia, saa saba kasoro dakika ishirini. Mtu mmoja akauliza kama kuna haja ya kutuma watu wawili upande wa Hjellen vilevile. Oddvar alimwambia kitabu kimesema Lia, wewe nani wa kubishana nacho? Kuna ukungu, sina watu wa kutupa. Wote Lia.

Nami nilikuwepo, Baba. Nilisimama hatua mbili kutoka kwake, Bi Gunnvor akiwa ameushika mkono wangu kunifariji.

Nahodha alingoja nusu saa kupita wakati wake. Kisha yalishushwa mabegi mawili ya akina Hoekstra yakawekwa juu ya gati, meli ikapiga honi tatu ambazo hatukuona zinatoka wapi, na tukasikia maji yakisukumwa pembeni na kitu kikubwa kinachoondoka. Bi Tjitske hakugeuka kuitazama. Alikaa juu ya begi moja, na mkono wake ameuweka juu ya lile jingine.

Msituni watu waliita jina lake kwa zamu, wakanyamaza kusikiliza, wakaita tena. Mbwa walikwenda huku na huko bila kushika harufu, na mwenye mbwa mmoja akaanza kuwatukana kwa upole, jinsi mtu anavyomtukana anayempenda. Saa kumi na mbili na dakika tano nilimfuata Oddvar nikamwambia kwamba nimewaza. Kwamba yule mzee alivutiwa sana na Hjellen tulipokuwa ndani ya basi. Kwamba sina uhakika, ni hisia tu. Oddvar akasema hisia ni bora kuliko hawa mbwa, akawageuza watu wote.

Walimfikia saa mbili kasoro dakika kumi. Kungali na mwanga mweupe wa Juni ndani ya ukungu, ule usio na kivuli. Alikuwa chini ya mnyororo wa pili, ile minyororo ya kushikia kwenye njia ya Hjellen, kwenye kijukwaa cha mwamba, mguu umevunjika na kichwa kimeumia. Alikuwa amejifunika koti lake na kulifunga vifungo vyote hadi kidevuni. Helikopta haikuweza kuruka, kwa hiyo daktari alipanda kwa miguu. Mimi nilikuwa nimeshika taa nyuma yake na hakujua kuwa namsikia alipomwambia Oddvar kwamba mwili bado una joto, amefariki kiasi cha saa moja iliyopita, hata haijatimia. Akasema baridi ndiyo iliyommaliza, siyo mguu.

Hayo ndiyo uliyoyasoma gazetini, isipokuwa maneno ya daktari. Gazeti limeandika kwamba kijana msomi alisoma nia ya mgeni, na kwamba bila yeye mwili usingepatikana kwa siku kadhaa. Mwenyekiti wa halmashauri alinishika mkono dukani mbele ya watu. Bi Gunnvor amenieleza kwamba usaili wa Jumatatu, wa cheo kile cha mkuu wa shughuli za wageni nilichokuandikia wakati wa Pasaka, sasa ni wa kutimiza utaratibu tu. Na Oddvar ameandika ripoti yake. Inasema abiria aliiacha njia yake iliyoandikwa bila kumwarifu mtu yeyote.

Jana Bi Gunnvor alinituma nimpelekee mjane maua katika nyumba ya wageni. Nilimkuta mezani, kahawa imepoa mbele yake. Alinikaribisha kwa heshima ambayo sikustahili, akanishukuru kwa kumtafuta mumewe. Halafu akaniuliza kitu. Akasema hakulii kifo, kifo ataanza kukilia akifika nyumbani. Kinachomtesa ni kwamba Wiebe hakuwahi kuondoka bila kusema. Hata akienda bandani kuchukua nyundo hupaza sauti kutoka mlangoni, mimi niko bandani, Tjits! Majirani wamemcheka miaka yote. Sasa inakuwaje mtu huyohuyo awatoroke watu mlimani kimyakimya, kama mwizi?

Oddvar alikuwa ameahidi kumwonyesha kitabu, akaja nacho wakati nikiwa bado pale. Alikifungua kwa mikono miwili akamwonyesha mstari. Bi Tjitske aliweka kidole juu ya jina la ishirini na sita, akakaa hivyo. Akasema huu si mwandiko wake. Oddvar alimweleza kwa upole kwamba waongoza watalii huwaandikia wageni wasiojua lugha, wakiwa wote wamesimama pale. Basi akanigeukia mimi, akaniuliza kama Wiebe alikuwa amesimama karibu nami nilipoandika. Nikasema ndiyo. Akaniuliza, na hakusema chochote? Nikasema hapana, hakusema chochote.

Alikifunga kitabu taratibu. Akasema, basi miaka arobaini na mmoja sikumjua.

Baba, sasa nakuomba usome polepole.

Majina yale sikuyaandika Jumanne. Niliyaandika Jumatatu jioni. Tangu mwezi Mei nimekuwa nikipanda mpaka kwenye mnara jioni kwa mazoezi, nikiwa na orodha ya kesho iliyotumwa na meli, nakaa juu ya jiwe lako, naandika majina yote, na njia, na saa ambayo tutakuwa tumeanza kushuka. Watu ishirini na sita wakipokezana penseli moja hutumia dakika ishirini. Niliziondoa. Bi Gunnvor aliona dakika zimepungua hakuuliza zimekwenda wapi, nami nimeliandika jambo hilo katika maombi yangu ya kazi, ukurasa wa pili, kwa kichwa cha habari. Nilijiambia kwamba si uongo, ni jambo la kweli ambalo bado halijatokea. Na tulipoanza kushuka sikuwahesabu. Niliwahesabu walipofika, ila si walipoondoka, kwa sababu kitabuni walikuwa tayari ishirini na sita.

Hilo pekee ningeweza kukuandikia kwa simu, ukanifokea kwa wiki moja. Lipo la pili.

Tulipokuwa tukila machungwa, Bwana Wiebe alisimama mbele yangu. Alisema ameona watu hawaandiki kitabuni, wakati mimi nimewaeleza kwenye basi kwamba kila mtu huandika. Akaniomba penseli. Nikamwambia hakuna haja, mzee, umekwisha kuandikwa. Akacheka, akasema ni huduma nzuri, atauliza kama na kodi yake imelipwa. Halafu akasema kwamba hata hivyo angependa kuandika mwenyewe, kwa sababu haji huko chini na sisi moja kwa moja. Anataka kwenda mara moja kuitazama ile pete ya chuma, kisha atatufuata. Akaniuliza ni mbali kiasi gani. Mama wa Kijerumani alikuwa akiniita wakati huohuo, na ukungu ulikuwa umefika kwenye bomba la meli. Nikamjibu, dakika ishirini kwa sisi. Kwa mtu wa tambarare beba na mto wa kulalia. Watu wawili watatu walicheka. Yeye pia alicheka. Akasema, sawa, profesa, mimi niko Hjellen basi. Mke wangu akiuliza, mwambie.

Nilimpungia mkono, Baba, kama unavyompungia mtu anayetania. Nilidhani anatania. Naweza kuapa kwamba wakati ule nilidhani hivyo. Siwezi kuapa hivyo kuhusu saa kumi na nusu na dakika tano.

Oddvar alipouliza kitabu kinasemaje, mimi nilikuwa nakumbuka kila neno. Nilijua alipo kabla Ingunn hajafika kwenye mnara. Nilifungua kinywa, nakumbuka baridi ya ukungu kwenye meno yangu. Bi Gunnvor aliubana mkono wangu akaninong'oneza kwamba kitabu kitatusafisha, namshukuru Mungu tumeandika. Nikafunga kinywa. Nikafikiri: labda amekwisha geuka, labda yuko msituni kweli, ngoja kwanza mbwa wajaribu. Nilifikiri pia juu ya Jumatatu, na ukurasa wa pili. Nilikaa na mawazo hayo saa moja na nusu, na niliposema, nilisema nimehisi. Tangu niliposema mpaka kwenye mnyororo wa pili watu wa Oddvar walitumia saa moja na robo tatu. Hesabu hiyo nimeifanya mara nyingi tangu juzi, na kila mara wanamfikia akiwa hai.

Hakuondoka bila kusema. Aliniambia mimi. Alimwachia mkewe ujumbe kwa mtu pekee aliyevaa beji, na mtu huyo aliketi mezani pa mkewe, akanywa kahawa yake, akamwambia mumeo hakusema chochote.

Sikuandikii ili unipunguzie. Naijua hukumu yako juu ya mwanamume anayewatuma wenzake upande usio sahihi katika ukungu akiwa anajua. Niliisikia nikiwa na miaka tisa, ulipomzungumzia mtu mwingine. Nimekusudia kesho saa mbili asubuhi nimwendee Oddvar nyumbani, nimweleze, na kumwomba anisindikize kwa Bi Tjitske kabla ya feri. Baada ya hapo polisi, na Bi Gunnvor, na Jumatatu itajijua yenyewe. Maneno ya kumwambia yule mama nimeyafanyia mazoezi. Ni machache: alisema yuko Hjellen, na alisema nikuambie.

Lakini nimejichunguza tangu Jumanne na nimeona jambo ambalo sikulijua juu yangu. Mimi huweza kusimama karibu na mtu anayengoja neno moja, nikiwa na neno hilo mdomoni, na nisilitoe. Na dakika baada ya dakika kutolitoa kunazidi kuwa rahisi. Nimekusudia mara tatu sasa. Kusudi langu la kesho ni zuri kama la jana, na la jana halikufika mbali kuliko kikombe cha kahawa.

Ndiyo sababu barua hii naipeleka posta sasa hivi, kabla sijalala, na nikishaitia kwenye sanduku siwezi kuitoa. Itakufikia baada ya siku nane au tisa. Ikiwa wakati unaisoma Oddvar amekwisha kukupigia simu, basi nilisema, na mengine yote tutayabeba kadiri yatakavyokuja. Ikiwa hajakupigia, ujue nimenyamaza tena na mwanao ndiye mkuu wa shughuli za wageni. Hapo usinipigie mimi. Nitakupa maelezo mazuri. Mpigie Oddvar, umsomee kuanzia pale nilipokuomba usome polepole, kisha umwandikie Bi Tjitske. Anwani yake iko nyuma ya karatasi hii, nimeinakili kutoka kwenye lebo ya begi lake.

Mfikishie Mama salamu zangu. Kama asome au asisome nakuachia wewe, ila usimwambie kwamba naumwa, kwa sababu siumwi. Mswidi naye msalimu, umwambie gazeti lilikosea. Jitunze kifua.

Wako mtiifu, kama ningali na haki ya neno hilo,

Sindre